Gari Linakula Maji Kidogo

Fungua buti la gari dogo lililoegeshwa Kariakoo, liwe la teksi mtandao au la mtumishi anayeishi Kimara, na mara nyingi utakuta chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyojazwa bombani. Si ya kunywa. Karatasi yake imeshabanduka na shingo imeshika grisi. Muulize mwenye gari, atakujibu haraka: "Inakula maji kidogo tu, kila asubuhi naongeza."

Kidogo kiasi gani? Na yanaishia wapi? Majibu ya maswali haya mawili ndiyo yanayoamua kama gari liende gereji leo, lisubiri mwisho wa mwezi, au liachwe lilivyo. Wengi hatujiulizi hata moja. Tunaongeza maji, tunafunga boneti, tunaondoka.

Magari mengi tunayoendesha yalifika hapa yakiwa yameshatumika Japani. IST iliyotengenezwa mwaka 2004 sasa ina zaidi ya miaka 20, na mipira yake, plastiki zake na sili ya pampu yake zina umri huohuo kama hazijawahi kubadilishwa. Gari la umri huo kuvuja si aibu wala si ajabu. Kinachoshangaza ni jinsi tunavyoamua: tunatazama ukubwa wa tone lililoanguka chini, tunasahau kutazama lilikotoka.

Jumamosi moja, kwenye gereji ya uwanjani Mwananyamala, nilimkuta mwalimu wa shule ya msingi ameleta Spacio yake. Gari lilikuwa limelala hapo tangu jana yake, injini baridi kabisa. Fundi alianza na mahojiano.

"Mama, unaongeza maji kiasi gani?"

"Kikombe. Siku nyingine kikombe na nusu."

"Tangu lini?"

"Tangu Ramadhani, fundi. Lakini haijawahi kuchemsha hata siku moja."

Fundi akafungua mfuniko wa rejeta, akachovya kidole. Kilitoka na maji ya rangi ya chai, hayana waridi wala wekundu wa kulanti ya Toyota, na hayatelezi. Akajaza rejeta, akafunga mdomoni mwake pampu ndogo ya mkono yenye geji, akapiga taratibu mpaka mshale ukafika 0.9, namba ileile iliyogongwa juu ya mfuniko wenyewe. Halafu akaweka mikono kiunoni akangoja. Baada ya dakika chache mshale ulikuwa umeshuka. Akalala kifudifudi na tochi, akamwita mwalimu ainame aone: pale tenki la plastiki la rejeta linapobanwa kwenye alumini, upande wa chini, matone yalikuwa yanajitokeza moja moja, yanakusanyika, yanateremka kwenye fremu. Yakifika kwenye fremu hayaanguki tena chini. Ndiyo maana mwalimu alikuwa hajawahi kuona unyevu kwenye sakafu ya kibaraza chake.

"Na hapo sijawasha injini," alisema fundi.

Kipimo hicho cha pampu ya mkono ndicho ningependa kila mwenye gari akidai kabla hajakubali kununua kifaa chochote. Gereji nyingi hazina, na zenye nacho hukisahau kabatini kwa sababu mteja mwenyewe anataka jibu la papo hapo. Bila kipimo, fundi anakisia. Akikisia, anabadilisha mpira. Ukirudi gari bado linavuja, anabadilisha pampu. Ukirudi tena, ndipo anaikumbuka rejeta. Gharama ya kukisia inalipwa na mteja.

Tundu dogo haliibi maji peke yake. Linaiba na presha, na hilo wenye magari wengi hawajaambiwa. Ukiwa Dar es Salaam, usawa wa bahari, maji ya kawaida yanachemka kwa nyuzi 100. Injini yenyewe inafanya kazi karibu na nyuzi 90, na ndani ya hedi, jirani na vali za kutolea moshi, kuna sehemu zenye joto zaidi ya hapo. Nafasi iliyobaki ni finyu. Ndiyo sababu rejeta inafungwa kwa mfuniko wenye springi: mfumo ukibana presha ya 0.9 juu ya ile ya hewa ya kawaida, maji hayohayo yanavumilia mpaka karibu nyuzi 118 kabla ya kuchemka. Mfumo ulioshindwa kushika presha unarudi kwenye nyuzi 100, na hakuna taa itakayokuambia.

Sasa toka Dar na gari linalovuja uelekee Mbeya, mji ulio kwenye mwinuko wa takribani mita 1,700. Huko maji yasiyobanwa yanachemka karibu na nyuzi 94. Kabla hujafika kuna Kitonga: mlima unaopandwa kwa gia ndogo nyuma ya lori la mzigo, injini inaunguruma, upepo wa kuipoza rejeta haba, abiria watano ndani na AC imewashwa. Gari lililokaa miezi mitatu likizunguka Mwenge na Posta bila kelele linaweza kuanza kutoa mvuke hapo, na mwenyewe akaapa kwamba lilikuwa zima. Halikuwa zima, lilikuwa halijapewa kazi. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama kuvuja kwake kunaweza kusubiri, swali langu la kwanza ni safari zake. Anayekwenda sokoni na kurudi ana muda. Anayepanga kwenda kula Krismasi Tukuyu hana.

Swali la pili ni mahali. Mfuniko wa rejeta ndio wa kutazamwa mwanzo, kwa kuwa mpira wake hukauka, springi yake huchoka, na ni miongoni mwa vifaa vya bei ndogo katika mfumo mzima. Gari likiwa limepoa kabisa, ufungue, tazama mpira. Umepasuka? Nunua mfuniko mwingine wenye namba ileile. Msambazaji atakushawishi uchukue wa 1.1 badala ya 0.9 kwa hoja kwamba ni imara zaidi. Kataa. Presha ya ziada inakwenda kutafuta sehemu dhaifu ya rejeta ya miaka 20, na itaipata.

Mipira na klipu zake ni kazi ya saa moja. Ukiona unga wa waridi, wa kijani au mweupe umeganda kwenye mdomo wa mpira, hapo ndipo maji yanapopita na kukauka kabla ya kudondoka. Pengine klipu tu imelegea. Pengine mpira umevimba na kulainika kama sponji ukiubonyeza, na hapo usijadiliane naye fundi, ubadilishe.

Pampu ya maji ina tundu dogo chini yake lililowekwa kwa makusudi na walioiunda, ili sili ikianza kuchoka maji yatokee nje badala ya kuingia kwenye beringi. Doa kavu kwenye tundu hilo linaweza kukaa muda mrefu bila kuongezeka. Doa bichi linalolowa kila siku ni pampu inayoaga, na ikifuatiwa na mlio au kuyumba kwa puli, usisubiri mshahara.

Hita ni kisa kingine. Zulia la mbele linalowana, harufu tamu ndani ya gari, na ukungu wenye mafuta kwenye kioo kila ukiwasha feni ni dalili kwamba rejeta ndogo ya hita, iliyofichwa nyuma ya dashibodi, inavuja. Kuibadilisha ni kuvunja dashibodi nzima. Mafundi wetu huiruka: wanaunganisha mipira miwili kwenye injini na kuiacha hita bila maji. Wapo wanaolaani mtindo huo. Mimi siulaani kwa mtu wa Dar, ambaye hajawahi kuigeuza ile swichi kwenye upande mwekundu tangu alinunue gari. Mtu wa Njombe au Makete ana haki ya kukasirika.

Na kuna maji ambayo hayana hatia kabisa. AC inapofanya kazi hutoa maji, na katika joto la Pwani hutoa mengi, yanayodondoka chini ya miguu ya abiria wa mbele. Yaguse. Yakiwa mepesi, baridi, bila rangi wala utelezi, kunywa chai yako kwa amani. Usiyaonje. Nimeona fundi anaonja, na kulanti ni sumu, tutaifikia.

Baada ya hapo kuna mahali ambapo neno "kidogo" halina kazi. Maji yakipungua na nje hakuna hata doa, yanakwenda ndani ya injini. Mipira ya rejeta inakuwa migumu asubuhi hata kabla hujawasha, mapovu yanapanda mdomoni mwa rejeta injini ikizunguka, bomba la moshi linatoa moshi mweupe usiokatika, au oili kwenye kijiti imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Hiyo ni gasketi ya hedi, au hedi yenyewe. Kijiko kimoja cha maji kwa siku kwa njia hiyo ni kibaya kuliko kikombe kizima kinachomwagika kwenye klipu, kwa sababu kila siku unayoendesha unaongeza kazi ya siku ya kufungua. Hedi ni ya alumini, na injini nyingi za Toyota zinaruhusu uso wake upinde si zaidi ya milimita 0.05, unene wa unywele mwembamba. Ukipita hapo hedi inakwenda kuskimiwa, ikishindikana inanunuliwa nyingine, na kwenye gari kuukuu mtu anajikuta anapiga hesabu ya kununua injini nzima.

Turudi kwenye chupa ya maji, maana ndiyo uamuzi wanaoufanya walio wengi bila kuuita uamuzi. Mfumo wa gari dogo la Toyota unabeba kama lita 5. Tuseme unaongeza glasi ya mililita 200 kila asubuhi. Baada ya siku 30 umemimina lita 6, zaidi ya ujazo wa mfumo wote. Kwa kuwa kinachovuja ni mchanganyiko, kulanti uliyoanza nayo haijaisha yote, lakini iliyobaki haizidi theluthi moja hivi. Miezi mitatu baadaye unaendesha kwa maji ya bomba matupu, au ya kisima, na visima vingi vya Dar maji yake yana chumvi.

Hapa huja hoja ninayoisikia kila mahali: Tanzania hakuna barafu, kulanti ya nini? Hoja ina nusu ya ukweli. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu huzuia kuganda mpaka karibu nyuzi 37 chini ya sifuri, na hilo linamsaidia mtu wa Hokkaido, halimsaidii mtu wa Temeke. Tena maji matupu hubeba joto vizuri kuliko mchanganyiko huo. Lakini ndani ya kulanti kuna dawa za kuzuia kutu, na injini ni mkusanyiko wa alumini na chuma vilivyozama pamoja. Bila dawa hizo vinaanza kuliana. Chumvi inaitoboa alumini, chokaa inaziba njia nyembamba za rejeta, na sili ya pampu inakwaruzwa na mchanga wa kutu. Mwalimu wa Mwananyamala alianza na tenki lililopasuka. Kwa miezi ya kuongeza maji ya bomba alikuwa anatengeneza ugonjwa wa pili, na ule wa pili hauzibwi kwa gundi.

Gundi ilizungumzwa, kwa kweli. Kijana mmoja pale gereji alishauri tenki lipakwe ile ya mirija miwili. Kwenye plastiki iliyokauka kwa joto la miaka, gundi hiyo inashika wiki kadhaa, kisha inabanduka ikiwa kipande kimoja. Mwalimu akachagua kati ya rejeta mpya ya Kichina na ya mtumba kutoka Japani. Alichukua mpya. Mimi pia ningefanya hivyo: rejeta ya mtumba ina plastiki ya umri uleule na ile unayoitupa.

Kuna pia dawa za kuziba, za unga au za maji, zinazouzwa kwenye maduka ya spea na hata vituo vya mafuta. Zimeshawahi kufanya kazi kubwa kuliko rejeta. Mwaka 1958 manowari ya nyuklia ya Marekani, USS Nautilus, ilikuwa inavuja kwenye kondensa yake, na mabaharia wakashindwa kupata pa kuvujia. Meli ilipotia nanga Seattle, Kamanda William Anderson aliwatuma watu wake, wamevaa kiraia, wakanunue dawa ya kuzibia rejeta za magari kwenye maduka ya kawaida. Waliimwaga, kuvuja kukakoma, na tarehe 3 Agosti mwaka huo Nautilus ikapita chini ya barafu ya Ncha ya Kaskazini. Sidharau dawa hizo, basi. Ila manowari ile ilikuwa na safari moja ya kukamilisha na mafundi wa kuisafisha baadaye. Unga uleule kwenye rejeta iliyokwisha kushika chokaa unaziba tundu, na unaziba pia njia za maji. Ukiwa Mikumi usiku na hakuna msaada, mwaga. Ukiwa na fundi mtaani kwako, weka hela yako.

Kosa lingine la nyumbani ni themostati. Gari likichemsha mara moja, fundi anaitoa na kuitupa, akisema nchi ya joto haiihitaji. Themostati ya Toyota nyingi hufunguka kwenye nyuzi 82 hivi, na kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto lake haraka na kuishikilia hapo. Ikitolewa, injini ya safari fupi za asubuhi haipati joto la kutosha, kompyuta inazidi kumimina mafuta, na wewe unalipia kwenye pampu ya petroli. Kibaya zaidi, joto linaloshuka linafanya tundu lisionekane: presha inapungua, kuvuja kunapungua, kila mtu anashangilia. Ukiona kuvuja kumekoma baada ya themostati kutolewa, hakujatengenezwa kitu.

Msiutegemee mno mshale wa joto pia. Kwenye magari mengi umewekwa ukae katikati hata joto likipanda na kushuka nyuzi kadhaa, ili dereva asihangaike. Vitz nyingi hazina mshale, zina taa ya bluu ya baridi na nyekundu ya joto kali, na nyekundu ikiwaka umeshachelewa. Tena kipimo kinasoma joto la maji kikiwa ndani ya maji. Maji yakiisha kinabaki kwenye hewa, na kinaweza kuonyesha kwamba mambo ni shwari wakati hedi inaungua. Kipimo cha kuaminika ni kile cha bei ya kalamu: gari likiwa baridi, asubuhi, mahali palipo sawa, chora mstari kwenye tangi la akiba usawa wa maji. Rudia kutazama baada ya wiki. Mstari huo utakuambia kama unapoteza kijiko au kikombe na, la maana zaidi, kama kasi inaongezeka. Rejeta yenyewe usiifungue ikiwa na joto, hata kwa kitambaa. Maji ya nyuzi 110 yaliyobanwa yakifunguliwa hugeuka mvuke usoni mwako.

Nimeahidi kusema juu ya sumu. Kulanti ya kawaida ina ethilini glikoli, tamu mdomoni, na mwilini hugeuka kuwa vitu vinavyoharibu figo. Mbwa huilamba, kuku na mbuzi wa jirani pia wanaweza. Na sisi tuna desturi ya kuihifadhi kwenye chupa za soda, rangi yake ya waridi ikifanana kabisa na sharubati ya mtoto. Gari linalovujia uani kwenye nyumba yenye watoto wadogo lina sababu ya kutengenezwa ambayo haihusiani na injini hata kidogo.

Je, kuna wakati wa kuacha? Upo, na mafundi waaminifu wanaukubali. Kila unapofungua gari kuukuu unagusa klipu zilizokaa kimya miaka 15, plastiki zinazovunjika ukizitazama, boliti zinazokatika. Nimeona doa lisilo na madhara likizaa uvujaji wa kweli kwa sababu mtu aling'ang'ania injini iwe kavu. Gari la kuuzwa mwezi ujao nalo lina hesabu yake, mradi mnunuzi aambiwe.

Pampu ya gari langu ina doa la waridi kwenye lile tundu la chini, kavu, ukubwa wa kucha ya kidole kidogo. Mstari wa kalamu kwenye tangi la akiba haujashuka kwa kiasi cha kuonekana, kulanti bado ina rangi yake na mfumo umeshika presha kwenye kipimo. Sijaitengeneza, na fundi wangu hajanishinikiza. Pampu yenyewe nimeshainunua, ipo kwenye boksi chini ya kiti. Itafungwa Novemba pamoja na mkanda, kwa gharama moja ya ufundi, maana Desemba nina safari ya Iringa na Kitonga iko njiani.